Nyasi Zetu Siku ya Kuombea Mvua

Mume wangu husikiliza utabiri wa hali ya hewa vile watu wengine husikiliza matangazo ya vifo. Hupandisha sauti ya redio, hunyoosha mkono kutunyamazisha, na hata uji ukifurika jikoni hakuna ruhusa ya kusogea mpaka mtangazaji alimalize Bonde la Ufa. Siku hizi utabiri huja pia kwa simu, katika kundi la wakulima, naye huusoma mara mbili: kwanza kimoyomoyo, halafu kwa sauti, kwa yeyote aliye karibu, hata kama ni mgeni aliyekuja kuulizia kuku wa kununua. Hapa Kabazi watu hukutana naye njiani wakamwuliza wamesema nini leo, kabla hata ya kumsalimia. Hupenda sana kuulizwa.

Kiangazi kile hakikuhitaji mtabiri. Mvua za mwisho wa mwaka zilikatika mapema, na ulipofika wakati ambapo kwa kawaida tunaanza kuyatazama mawingu upande wa msitu wa Bahati, hakukuwa na wingu la kutazama. Udongo ulikauka mpaka ukiupiga jembe unasikia mlio. Nepia, majani tunayopandia ng'ombe, ilibaki vijiti. Watu walianza kulisha ng'ombe migomba iliyokatwakatwa, wakaenda kwa matawi ya miti ya mukima, baadaye wakaacha kuambiana wanalisha nini. Kila jioni mume wangu alitusomea yale yale: jua, ukavu, joto la mchana, upepo wa wastani.

Sisi tulikuwa na nyasi. Misimu kadhaa kabla ya hapo mume wangu alikuwa amepanda nyasi za kufunga marobota katika shamba letu linalopakana na kanisa, mahali ambapo baba yake alikuwa akipanda mahindi. Watu walimcheka. Mtu mzima anapanda nyasi, walisema, na mahindi atakula ya nani? Kiangazi kilipokaza, kicheko kikaisha chenyewe. Nyasi zilisimama pale ndani ya waya wa miiba, za manjano, zikifika kiunoni, na ng'ombe waliopitishwa barabarani walisimama wakanyoosha shingo juu ya waya mpaka wenyewe wakawachapa ili waendelee. Nilikuwa nikipita hapo na ndoo yangu huku nikitazama upande ule mwingine wa barabara, kama mtu anayepita karibu na duka alilokopa.

Hakuwa amezikata kwa sababu alikuwa akingoja. "Akiba haiozi," alipenda kusema. Nilimwambia aliyetunga methali hiyo hakuwahi kuweka nyanya. Alicheka, kwa maana mume wangu ni mtu wa kucheka, na ni vizuri niseme mapema kwamba si mtu mbaya. Alipokuwa mdogo aliona ng'ombe wa baba yake wakifa mmoja mmoja kiangazini, huku waliokuwa na malisho wakichungulia kutoka ndani ya lango lao. Nilidhani mtu aliyeona jambo kama hilo, siku akiwa na lango lake, atalifungua. Kumbe somo alilojifunza ni kwamba duniani ni heri uwe upande wa ndani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya mtungi huo ni mimi.

Shamba lililo chini ya letu ni la mama mmoja mjane. Nyumbani kwetu tunamwita mama wa chini, na tumetenganishwa naye na ua wa miti ya miiba ya kayaba wenye tundu ambalo watoto wetu walilitoboa wakiwa wadogo na ambalo hakuna aliyewahi kuliziba. Watoto wake ni wakubwa, wako mjini, kila mmoja na shida zake. Alikuwa na ng'ombe mmoja, mweusi, mwenye doa jeupe usoni. Maziwa yake aliuza kidogo na mengine akanywea chai, na mbali na kijishamba cha mahindi hakuwa na kitu kingine cha kutegemea. Nilipojifungua kitindamimba wangu, na ng'ombe wetu amekauka maziwa, kila asubuhi nilikuta jagi limewekwa kwenye tundu la ua, limefunikwa na sahani. Hakuwahi kulitaja lile jagi, wala wakati ule wala baadaye.

Kiangazi kile alikuwa akishuka soko la Subukia kuokota majani ya nje ya kabichi, yale wauzaji wanayobandua na kutupa. Alirudi akipanda mlima na gunia mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, na gunia zima lilikuwa mlo mmoja tu kwa ng'ombe. Huyo ng'ombe alikuwa ametokeza mifupa ya nyonga mpaka ungeweza kumtundikia koti. Alisimama siku nzima ameinamisha kichwa, na jioni nilimsikia mama wa chini akiongea naye kwa sauti ya chini akimwambia avumilie.

Siku moja aliniita kwenye ua. Hakuzunguka sana.

"Mwanangu, hiyo nyasi yenu mkikata, mnaweza kuniachia hata ya kubeba kwa mgongo? Nitakuja kuwapandia mahindi mvua ikinyesha."

Nilimwambia nitaongea na baba watoto. Niliongea naye usiku huo tukila. Hakusema hapana. Aliendelea kutafuna, akasema tungoje kwanza tuone kiangazi kitafika wapi, kwa maana ukimpa mmoja leo, kesho asubuhi foleni inaanzia langoni na kuishia Subukia, na huyo wa mwisho utamwambia nini? Wa kwanza ndiye niliyekuwa nikimwuliza habari zake, lakini nilimwacha amalize chakula.

Kesho yake mama wa chini alikuwa kwenye tundu mapema, amejifunga leso yake ya kazi, na uso wake ulikuwa na lile tumaini ambalo mtu hulificha kwa kuzungumzia mambo mengine. Aliniuliza watoto wameamkaje. Aliniuliza kama kikohozi changu kimepoa. Mume wangu ni mzee wa kanisa. Yeye ndiye huomba kwenye mazishi na kupatanisha watu wakigombania mipaka. Ningewezaje kusema mzee wa kanisa amekataa na nyasi? Nilisikia mdomo wangu ukisema zilishachukuliwa, kwamba kuna watu wa Lanet walikuja wakaweka oda ya shamba zima. Hakukuwa na watu wowote wa Lanet. Nilichagua Lanet kwa sababu ni mbali kiasi kwamba hatawahi kukutana nao.

"Ni sawa tu," alisema. "Ya mwenyewe ni ya mwenyewe."

Akashuka. Nilibaki pale na aibu iliyonipanda mpaka masikioni, halafu nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Baadaye utabiri ulisema ukavu utaendelea juma zima linalofuata, na mume wangu akaona wakati wa kukata umefika. Nyasi zililazwa kwa mistari shamba zima, na harufu yake ikaingia mpaka kanisani. Mashine ya kufunga marobota ndiyo ilikuwa taabu. Iko moja, mwenyewe anatoka upande wa Bahati, na kiangazi hicho kila mwenye nyasi alikuwa akimwita. Alikuja, akafunga pembe moja ya shamba, marobota machache tukayapeleka kwenye stoo yetu nyumbani. Halafu akaitwa kwingine na akaahidi kurudi Jumatatu asubuhi. Nyasi zingine zote zilibaki zimelala wazi, na nyasi zilizokatwa zikinyeshewa huoza.

Ijumaa ya juma hilo mume wangu alisoma utabiri mara moja tu, kimoyomoyo. Alitia simu mfukoni, akatoka nje akaangalia juu upande wa msitu, akarudi akaketi. Nilingoja aingie kuoga, nikaifungua. Ilisemwa hapo kwamba mvua nyepesi hadi ya wastani inatarajiwa katika sehemu chache za miinuko kuanzia mwisho wa juma. Sehemu chache. Nilimwona siku hiyo nzima akisimamishwa njiani na kuulizwa habari, yeye ambaye angeweza kusimama juani akikueleza tofauti ya manyunyu na rasharasha, na kila aliyemwuliza alimjibu kwamba hakuna jipya. Watu wakaenda zao wakitikisa kichwa. Habari ambayo kijiji kizima kilikuwa kikiilalia njaa ilikuwa ndani ya suruali ya mume wangu.

Jumapili hiyo ilikuwa imetangazwa tangu zamani kuwa ya kuombea mvua. Tuliambiwa tuje tumefunga, bila hata chai, na kila nyumba ilete mbegu kidogo za kuombewa. Nilitia mahindi kwenye kikombe nikafunika na kitambaa. Tuliteremka na mama wa chini, yeye na mbegu zake ndani ya kopo la majani chai, na barabarani tukampita ng'ombe wake. Alikuwa amemfunga kwenye kisiki karibu na mtaro, mahali palipokuwa na vinyasi vilivyokauka ambavyo wengine hawakuviona. Alisema atamtoa akitoka kanisani. Nilisema ni vizuri. Tulipopita shamba letu na ile mistari ya nyasi, yeye ndiye aliyesifu, akasema Mungu amembariki mzee kwa mkono wa kulima, na hao watu wa Lanet watafurahi.

Kanisa lilikuwa limejaa. Vikombe na makopo ya mbegu vilipangwa mbele kwenye ngazi, na watu waliomba mmoja baada ya mwingine, wengine kwa machozi. Mwanamke mmoja alitaja majina ya ng'ombe wake wote waliokufa, mmoja mmoja, kama watoto. Mwisho mume wangu aliitwa kufunga maombi. Alisimama akashika mimbari kwa mikono miwili. Aliomba vizuri, anajua kuomba, akataja mito na chemchemi na mifugo inayolia, na watu wakaitikia. Halafu akasema, "Lakini, Bwana, lete mvua kwa wakati wako, si kwa wakati wetu."

Watu wote wakasema amina. Mimi nilifungua macho nikamtazama, na yeye alikuwa amefungua yake, akiangalia nje kupitia dirisha la upande wa shamba. Nilijua ni wakati gani aliokuwa akiuita wa Bwana. Ulikuwa Jumatatu jioni, mashine ikishaondoka. Lakini nisimseme yeye peke yake. Huku nimepiga magoti katikati ya watu wenye njaa, bega langu likigusana na la mama wa chini, mimi niliomba Jumanne, ili tuwe na nafasi ya kutosha.

Ilikuja kabla ya wimbo wa mwisho kuisha. Tulisikia kwanza upepo, dirisha likagonga, halafu tone moja kwenye mabati, na lingine, na kanisa zima likanyamaza katikati ya ubeti. Halafu ikashuka. Watu walitoka mbio na mikono juu, wazee kwa watoto, wakasimama uani wakilowa na nguo zao za Jumapili. Mume wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka, na watu walidhani ni furaha iliyompeleka hivyo. Aliruka waya akaingia shambani na kuanza kukumbatia nyasi, akizikusanya na mikono, suti yake ya pekee ikishikwa na miiba.

Mtu mmoja alimwona akapaza sauti kwamba nyasi za mzee zinanyeshewa. Na watu wakaja. Sikuwaita, naye hakuwaita. Watu ambao nyumbani kwao ndoo hazikuwa zimetegwa chini ya mabati, ambao walikuwa na mashamba ya kukimbilia, wakavua viatu na kuingia shambani kwetu. Walibeba nyasi kwa makoti, kwa mashuka yaliyotandikwa meza ya kanisa, kwa mikono mitupu, wakazileta kanisani kwa sababu ndiko kulikokuwa na paa la karibu. Mabenchi yalisukumwa ukutani. Nilisimama mlangoni nikipokea na kupanga, na kila aliyeingia alikuwa akicheka.

Mama wa chini alikuwa amevua leso yake ya kanisani, ile nzuri, akaitandaza matopeni, akaijaza nyasi na kuifunga na kuibeba mgongoni. Alirudi mara nyingi kuliko vijana. Mara moja alinikuta pale mlangoni, maji yakimtiririka usoni, akatua mzigo miguuni pangu.

"Imekuja, mwanangu," aliniambia. "Pokea hii, wacha nirudie ingine kabla watu wa Lanet hawajaharibikiwa."

Nilipokea. Mimi ninayeitwa mdomo mpana katika kikundi cha akina mama, ambaye sijawahi kushindwa kumjibu mtu, nilipokea nyasi na kuzipanga juu ya zingine.

Mvua ya Kabazi ikianza na upepo haiwi na haraka. Ilituweka mle kanisani mpaka alasiri, na baridi ikaingia. Chai ya kufungulia ililetwa kutoka jikoni, watu wakaketi juu ya nyasi zetu wakinywa, nguo zikifuka mvuke, wakitaniana kuhusu suti ya mzee. Mume wangu alisimama kushukuru. Nilimhurumia, kwa maana nilijua alikuwa akishukuru kweli. Alisema hajui atawalipa nini. Nilingoja aseme. Ilikuwa imebaki sentensi moja tu: kila mmoja abebe kidogo akitoka. Mlima wa nyasi ulikuwa nyuma yake, unafika madirishani. Alisema Mungu atawalipa, akaketi.

Hata mimi ningeweza kuisema. Nimejiuliza sana kwa nini sikuisema, na sipati jibu ila kwamba nilishasema ziliuzwa, na huwezi kugawa mali ya watu wa Lanet. Uongo wangu ulikuwa umenifunga kamba shingoni.

Mvua ilipopungua watu walianza kuondoka. Mama wa chini akachukua ufagio. Alifagia sakafu yote ya kanisa, vijiti na majani yaliyodondoka mlangoni na kwenye ngazi, kiasi cha kujaza karai. Kilikuwa kitu cha kutupa nje. Niliona akikichota na mikono miwili na kukirudisha juu ya lundo letu, kwa uangalifu, ili kisianguke tena. Halafu akaosha mikono kwenye maji ya mabati na kuuliza leso yake iko wapi. Niliona aibu ambayo siwezi kuipunguza kwa kuieleza. Nilitamani anitukane.

Wakati huo wote ng'ombe wake alikuwa amefungwa kwenye kile kisiki. Hakuna kati yetu aliyemkumbuka, na yeye mwenyewe alikuwa na mzigo wetu mgongoni. Sisi tunaofuga tunajua kwamba kiangazi chenyewe hakimalizi ng'ombe. Kinamkondesha tu, halafu mvua ya kwanza yenye baridi inamkuta bila mafuta mwilini na kumwangusha. Kila mtu hapa anajua ng'ombe aliyekonda anatolewa kwenye mvua ya kwanza kabla ya mtoto kutolewa. Mama wa chini alijua kuliko sisi sote.

Asubuhi niliamshwa na sauti za watu chini. Ng'ombe alikuwa ameanguka. Mama wa chini alikuwa amemfikisha nyumbani jioni akitetemeka, akamfunika na magunia, na alfajiri akamkuta amelala ubavu. Kuinua ng'ombe ni kazi ya majirani, wala haingoji kualikwa: watu huja na miti na magunia, gunia linapitishwa chini ya tumbo, wengine wanashika mkia na wengine pembe, na mnainua kwa pamoja mkihesabu. Mume wangu alichukua mti kutoka ua wetu akashuka mbio bila viatu. Mimi nilienda stoo. Nilitoa robota moja katika yale yaliyofungwa, kavu, nikalibeba mgongoni bila kumwuliza mtu, nikapita nalo kwenye tundu la ua, kayaba ikinikwaruza mikono.

Nililifungua mbele ya ng'ombe. Alinusa. Akanyoosha ulimi, akavuta kidogo, akatafuna akiwa amelala, macho yake hayatutazami. Wanaume walimwangalia anavyokula. Mama wa chini aliangalia zile nyasi, akaniangalia mimi, na uso wake ukawa na wasiwasi.

"Si hii ilikuwa na wenyewe?" aliuliza. "Mwanangu, rudisha. Msije mkakosana na watu kwa ajili ya ng'ombe wangu."

Mume wangu alikuwa ameinama upande wa pili, mti begani. Aliinua kichwa. Hakuwahi kusikia habari za watu wa Lanet, na ilimchukua muda mfupi kuelewa mke wake alikuwa amesema nini kwa niaba ya nyumba yake. Nilimwona akielewa. Angeweza kusema neno, nami pia, na majirani wote walikuwa pale. Nilimwambia mama wa chini asijali, tumeongea na wenyewe na wamekubali.

"Mungu awabariki hao watu," alisema mama wa chini. "Hawanijui hata."

Mume wangu aliinamisha kichwa tena. Alihesabu, wakainua. Ng'ombe alisimama. Alisimama kwa muda, miguu imeachana, akitetemeka, wanaume wakimshikilia pande zote kama ukuta unaotaka kubomoka, na mama wa chini akiwa mbele yake akimshikia nyasi karibu na mdomo na kuongea naye kwa ile sauti ya chini. Halafu magoti ya mbele yakakunjika. Wakamwinua tena. Wakamwinua mpaka jua likawa juu na gunia likapasuka. Katikati ya kazi hiyo mume wangu aliondoka bila kusema, akarudi na robota lingine, na lingine tena, akayapanga kumzunguka ng'ombe ili akinge upepo. Yangetosha kumfikisha kwenye majani mapya. Lakini alikuwa ameacha kutafuna.

Mchana wanaume walimwambia mama wa chini kile alichokuwa akikijua, kwamba ni afadhali achinjwe kabla hajafa mwenyewe, angalau majirani wanunue nyama, apate cha kuanzia. Ndiyo desturi yetu, kila mtu hununua hata kama hakuwa na mpango wa nyama. Yeye aliingia ndani ya nyumba, akafunga mlango mpaka wakamaliza. Mvua ilikuwa imeanza tena, nzuri, ya kupanda, na kutoka kila shamba nilisikia majembe.

Nilimtuma mwanangu na pesa za nyama, nyingi kuliko nyama. Alirudi nazo. Baadaye kidogo mama wa chini alikuja mwenyewe mlangoni pa jikoni, amebeba mkono wa mbele wa ng'ombe umefungwa na jani la mgomba. Nilijaribu kumpa zile pesa, akarudisha mkono nyuma ya mgongo kama msichana.

"Yenu si ya kununua," alisema. "Nyinyi mlimlisha."

Alikataa chai, akasema anataka kuwahi kuzika mbegu zake kabla mvua haijakatika. Nilimwangalia akiteremka. Nilisimama na ile nyama mikononi, na nilitaka kumwita, nimwambie kila kitu palepale, lakini watoto walikuwa wananitazama, na nyama ilikuwa bado na joto.

Niliitia sufuriani. Hakukuwa na kitu kingine cha kuifanya. Kuitupa kungekuwa tusi kubwa zaidi. Ilichemka alasiri yote. Kwa kawaida nyama ya ng'ombe ikichemka unapata mafuta ya kuchota juu na kijiko, ya kukaangia mboga kesho yake. Nilifunua, nikafunika, nikafunua tena. Supu ilibaki maji matupu, haina hata tone moja la mafuta. Mume wangu aliingia, akanawa, akasimama karibu nami akachungulia ndani ya sufuria kwa muda mrefu. Redio ilikuwa ikisoma hali ya hewa na hakuna aliyeipandisha sauti. Alichukua sahani yake, nikampakulia, na tukala.